Koti la Kupigia Picha

"Vaa hili," Mama Fundi alisema, akimpa Mapengo koti la kijivu. "Usiende kupigwa picha na fulana iliyotoboka kama chujio."

Lilikuwa koti la marehemu mume wake. Kila mwanafunzi aliyemaliza mafunzo alilivaa kwa ajili ya picha ya fomu. Majirani walisema mama huyu ana moyo wa ajabu: mume kauawa njiani kwa kisu na vijana wa vijiweni wasiojulikana, naye anawafundisha vijana wa vijiweni kushona.

Yeye aliinamia cherehani yake. Tangu siku polisi walipomrudishia funguo za mumewe, kofia yake na koti hilo, hakuwahi kulia. Alikula, alishona, alilala. Kila alfajiri alipiga magoti kando ya cherehani na kuomba maneno yale yale: "Mungu wangu, nionyeshe, halafu unishike mikono."

Mapengo alikuwa wa kumi na mbili, na wa mwisho. Mradi uliogharamia mafunzo ulimpa cherehani yule tu ambaye fomu yake ilikuwa na sahihi ya Mama Fundi. Bila cherehani angerudi kijiweni, kwenye visu, na mkewe alikuwa amejifungua juzi tu.

Kazi aliijua. Hakuna aliyemshinda kuziba matundu: kuchomoa nyuzi kwenye pindo la ndani la nguo ileile, kuzisuka upya moja juu moja chini, hadi hata vidole visijue palipochanika. Mama Fundi ndiye aliyemfundisha.

"Toka hapo, kioo kitachoka," alimwambia.

"Niache nijione, mama. Leo nafanana na mkwe wa mtu!"

"Mkwe gani hana meno?"

Mapengo alicheka, akaenda kwa mpiga picha mlango wa pili. Aliporudi alilivua koti taratibu, akalikung'uta, akalilaza mezani mgongo juu. Alilitazama kwa muda. Kisha kidole chake kikatua chini ya bega la kushoto.

"Ila mama, hapa uliziba kwa ufundi kweli," alisema, sauti imeshuka. "Hapajulikani kabisa."

Mama Fundi aliusukuma mkasi hadi upande wa pili wa meza, akachukua kalamu na kuivuta fomu ya Mapengo.

Wale kumi na mmoja waliomtangulia walisifia vifungo tu.