Hesabu ya Ishirini

Fundi Kibwana alimkabidhi Mashavu boksi lenye shokapu kuukuu za boneti, zile fimbo zinazoishikilia juu ikifunguliwa. Ndiyo desturi ya gereji za mji ule: ukifungiwa kipya, unarudishiwa kibovu chako kama ushahidi.

Mashavu alizigeuza kiganjani. Wiki iliyopita boneti ilimwangukia shingoni, na mafuta yaliyovuja kwenye shokapu yakamchafua kola. Hizi zilikuwa kavu, zina kutu.

"Hizi si zangu, fundi."

"Nimezifuta, dada. Nikupe uchafu?"

"Na kutu umeipaka wewe?"

Kibwana akacheka peke yake. "Tazama gari basi! Boneti imesimama kama askari."

"Kwenye jua kali hivi hata zilizochoka hushika. Asubuhi kwenye baridi ndipo huangusha. Kama ni mpya kweli, ingiza kichwa nihesabu hadi ishirini."

"Dada una maneno wewe!"

"Ingiza."

Kibwana akainama, kichwa kikazama chini ya boneti. Mashavu akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika saba, mkono wa kushoto wa fundi ulipanda polepole, ukaushika ukingo wa boneti, ukaganda hapo.