Mikono ya Maige

Picha ilitangulia kufika kijijini. Mwenyewe akaja nyuma yake.

Rafiki Mwingereza ndiye aliyeituma, kwa nia njema tu, mama mtu afurahi. Ilimwonyesha Maige amechuchumaa shimoni, kofia ya sufu kichwani, brashi mkono wa kulia, fuvu la mtu mkono wa kushoto. Na meno yote nje, anacheka.

Basi aliposhuka kwenye lori la pamba, pale kijiji cha ujamaa ambako watu wao walihamishiwa yeye akiwa Ulaya, hakuna aliyemkimbilia. Watoto waliitwa ndani. Chenge, balozi wa nyumba kumi, alimnyooshea mkono, akaurudisha kabla haujaguswa.

"Karibu, msomi wetu. Mikono umenawa?"

Watu wakacheka kidogo.

Usukumani, anayefukua wafu ana jina moja tu, mchawi, na Maige alilijua tangu ananyonya. Angewaelezaje kuwa yale ni masomo? Kwamba kule kaskazini mwa Uingereza kuna nyumba ya watawa wa kale, zimebaki kuta na majani, na watawa wenyewe walizikwa kwa haraka mwaka wa tauni, wengi shimo moja? Kwamba kazi aliyopewa ni kuwatenganisha, huyu mzee, huyu kijana, kwa meno na kwa mfupa wa paja, mpaka kila mmoja apate sanduku lake? Kila neno lingezidi kumpaka tope.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu." Mama yake hakumtazama usoni. Mikono ameificha ndani ya kanga.

Nyumba ilikuwa mpya, udongo wake bado unanukia mvua. Mama alimwekea michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando, katika kibuyu kilekile cha zamani chenye ufa ulioshonwa. Kitanda cha kamba cha marehemu baba kilikuwepo, kimetandikwa vizuri, lakini ngozi ya kulalia mama ilikuwa chini sakafuni. Maige alipotaka kukikalia, mama alimdaka mkono.

"Si hapo."

Akasimama kama aliyechapwa. Kumbe hata kitanda cha baba atakinajisi.

"Kesho nitakwenda kwenye mahame yetu," alisema, ili aseme kitu. "Nimsalimie baba zizini alikolala. Na Kabula."

Kabula alikuwa mdogo wake, aliyekufa kwa surua, akazikwa nyuma ya ghala.

"Utamsalimia nani? Trekta la shamba la kijiji limepita. Zizi, ghala, kila mahali. Ni pamba tu sasa."

Maige aliinamisha kichwa.

"Wale wa kwenye picha," mama akasema polepole, "wana ndugu?"

"Ni wa zamani mno, mayu. Hakuna anayewajua."

"Na nyie mnajuaje yupi ni yupi?"

Hapo machozi yakamtoka, mwanamume mzima na shahada yake. "Nisamehe, mayu. Mwite mganga nioshwe. Au nirudi Mwanza leo hii, lori halijaondoka, wasije wakakucheka kisimani kwa ajili yangu."

Mama alikwenda mlangoni, akachungulia huku na huku, akaufunga na jua lingali linawaka. Dirishani akatundika kanga. Maige akapiga magoti, akingoja laana.

Akasikia kitu kinaburutwa. Mama naye alikuwa amepiga magoti, anavuta kutoka mvunguni gunia la pamba lililoshonwa mdomo kwa uzi mweusi.

"Mimi sikuwa na brashi," alinong'ona. "Nilikuwa na jembe, na trekta linanguruma. Baba yako na Kabula wamechanganyika humu. Nitenganishie, mwanangu, nipate kuwazika kila mtu pake."