Bangili Iwake Kijani

Shule ikivunja haki ya mtoto, serikali huikatia fedha. Hazirudi mpaka mtoto huyo aseme amesamehe, na bangili aliyovishwa na serikali iwake kijani kuthibitisha kwamba anasema kutoka moyoni.

Binti yangu Nasieku hutembea kwa magongo. Siku ya wageni shuleni, walimu walimfungia stoo ili asionekane. Fedha zikakatwa, na uji wa watoto wote ukakoma.

Mwalimu mkuu alikuja kwetu na jogoo, wazazi wakajazana uani.

"Mama Nasieku, watoto wanashinda njaa."

"Najua. Wangu pia anasoma hapo."

Nasieku akasema, "Nimewasamehe." Bangili ikawaka nyekundu.

"Kisirani kama mamake," mzazi mmoja akaguna.

Niliwafukuza wote, pamoja na jogoo wao. Lakini njaa ya watoto haikuondoka nao, kwa hiyo nikamletea Nasieku ungo wa mchele. Nikamwambia aseme maneno yale huku akitoa mawe, na akili yake ibaki kwenye mchele tu. Baada ya siku chache bangili ikakubali. Mbele ya afisa wa serikali alifanya vilevile bila ungo, vidole vikichezacheza mapajani. Uji ukarudi.

Jana tukila nilimuuliza, "Una kinyongo na mimi kwa kukufundisha vile?"

"Hapana, mama."

Bangili ikawaka kijani. Nikachungulia chini ya meza. Vidole vyake vilikuwa vinachambua mchele usiokuwepo.