Sauti ya Maganga Mlangoni

Wakati wa tauni, kila mlango ulifungiwa kinasa sauti cha kuitikia hodi na kuwarudisha wageni. Sasa Tabora nzima alibaki Nyamizi peke yake, na kila asubuhi alitoka nje akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, ili amsikie marehemu mumewe, Maganga:

"Samahani ndugu yangu, humu kuna mgonjwa. Rudi salama."

Kukizima hakuthubutu. Maganga hakuacha sauti nyingine.

Miaka sita ikapita bila kuona mtu. Leo, akichuma mchicha uani, akasikia sauti ya mwanamke huko mbele.

"Hodi wenyewe!"

Nyamizi akafungua kinywa aitike. Mlango ukamtangulia: "Samahani ndugu yangu, humu kuna mgonjwa. Rudi salama."

"Jamani, poleni sana," mgeni akajibu.

Hadi Nyamizi aizunguke nyumba kwa mguu wake mbovu, barabara ilikuwa tupu. Kizingitini aliachiwa mahindi mawili ya kuchoma, bado yana moto, ya kumpa mgonjwa.

Akaita mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaweka kidole kwenye swichi ya kile kinasa sauti, akaondoa kidole bila kukizima.

"Hodi," akasema.