Diski ya Mama

Siku hizi mtu akifa, akili yake husakinishwa kwenye kompyuta ya nyumbani kama programu. Mama yake Nyamizi alisakinishwa ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo, inayoendeshwa ndani ya ile ya sebuleni. Tatizo ni kwamba kila alipowashwa, usakinishaji ulianza upya, na mama akaamka na swali lilelile.

“Nyamizi, nani kazima jiko langu?”

“Mama, ulifariki. Tumeshakuzika.”

Mama hulia, kisha skrini hujizima.

“Dada, hujatoa diski ya kusakinishia,” fundi Masanja alimwambia kwenye simu. “Ndiyo maana anarudi mwanzo. Itoe tu, atatulia, atazoea kwamba amekufa. Wala usijilaumu, akizimika hakumbuki kitu.”

Nyamizi aliigusa diski, akaiacha. Aliitamani tena ile dakika ambayo mama bado hajui, anaulizia jiko lake tu. Akawasha. Safari hii akaamua kudanganya.

“Nimezima mimi, mama. Maharage yameiva.”

Mama alitabasamu kwenye skrini.

“Ahsante, mwanangu. Leo umenionea huruma. Sasa itoe hiyo diski. Nimechoka kuzikwa.”