Dadu la Joka

Kwenye katuni ya televisheni, wapelelezi wadogo walikuwa bado wanamsaka aliyeiba dadu la joka. Wajukuu wa Bi Mwanaheri nao walikuwa wamepotelewa na dadu lao, lile wanalochezea mchezo wa mashujaa na majoka.

"Geuza mifuko, Shee," Bi Mwanaheri alimwamuru mtoto wa jirani. "Mgeni humu ni wewe tu."

"Sijachukua, bibi."

Akaigeuza. Zikadondoka mbegu za ubuyu.

Bi Mwanaheri alipojitanda kanga vizuri, mkono wake ukagusa fundo pindoni. Kitu kigumu, chenye pembe. Alikuwa amelifunga dadu humo mwenyewe asubuhi, lisipotee.

"Bibi, mwizi kaonekana!" wajukuu walipiga kelele, macho kwenye televisheni.

Shee hakugeuka. Alisimama, mifuko ikining'inia nje, akiutazama mkono ulioshika lile fundo.