Riwaya Zilizokatwa Mwisho

Wembe ulipita kwenye mshono wa kitabu, na sura ya mwisho ikatoka nzima, safi, bila kuacha hata uzi. Mkutubi akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake. Kisha akakifunga kitabu na kukiweka juu ya meza, mahali ambapo mtu akiingia tu lazima akione.

Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumnyang'anya mzee wa watu kadi ya maktaba kwa kosa la kukunja pembe ya ukurasa. Lakini hasira ni hasira, na ya kwake ilikuwa na mtu wake.

Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke ambaye mkutubi alimwita Msimamizi. Zamani walikuwa chanda na pete. Siku mkutubi alipoolewa, rafiki huyo ndiye aliyemsimamia, akamshikia maua, akamfuta jasho. Miaka ikapita, naye akaendelea kusimama pale pale, karibu na bwana harusi, mpaka akamchukua. Mume alikwenda, na mkutubi akamwacha aende zake, shauri yake. Kilichomuuma ni binti yao wa pekee, msichana wa miaka kumi na mitatu, ambaye alikuwa akiishi kwa baba. Hakimu alisema shule zikifungwa, mtoto achague mwenyewe pa kukaa. Mkutubi alikuwa amekwisha kununua kitanda na kukitandika.

Maktaba ya mtaa ilikuwa hiyo moja. Kwa hiyo Msimamizi alikuja hapo hapo, macho makavu, kuazima riwaya.

"Nipe yoyote nzuri," alisema siku ya kwanza. "Wewe ndiye unayejua."

Alijua, tena sana. Alianza kwa kumpa riwaya ya majoka na wafalme wachawi, mwisho umekatwa. Baadaye akaona amekosea. Riwaya za namna hiyo huishia kwa vita na mtu kukalishwa kwenye kiti cha enzi, hata asiyesoma anakisia. Akajaribu za kisayansi, zile za watu kuhamia nyota za mbali. Huko nako mwishoni mashine huzimwa, kisha profesa anaeleza mambo ambayo hata mwandishi hayaelewi. Ukizikosa kurasa hizo umepumzishwa. Lakini riwaya ya taharuki, hapo ndipo penyewe. Maiti iko sebuleni, milango imefungwa kwa ndani, kila mtu ana sababu ya kuua, mpelelezi anawakalisha wote na kusema muuaji yumo humu humu, na karatasi zimekwisha. Hiyo ni chafya iliyopanda puani ikakataa kutoka.

Basi akawa anampa hizo, kila wiki moja. Jioni akirudi nyumbani alijitengenezea chai, akaitoa ile sura mkobani, akaisoma polepole. Kumbe ni daktari wa familia. Kumbe ni mjane. Roho yake ilikuwa inaburudika kweli kweli, kwa sababu upande wa pili wa mtaa kulikuwa na mtu anajigeuzageuza kitandani hajui.

Cha ajabu, Msimamizi hakulalamika hata mara moja. Alirudisha vitabu kwa wakati, tena kwa tabasamu.

"Hiki kilitufanya tukaunguza chakula," alisema siku moja. "Una kingine cha hivi hivi?"

Ile "tu" ilimwingia mkutubi kama pilipili jichoni. Kwa hiyo wanasoma wawili! Mwanamume ambaye kwake hakuwahi kusoma hata maelezo ya dawa, leo anakaa na mke mpya na riwaya. Vizuri. Wakose usingizi wote wawili. Wiki ile alikata sura mbili.

Jumamosi binti alikuja kumtembelea, kama kawaida. Mtoto wa mkutubi, lakini kitabu alikuwa anakikimbia tangu utotoni. Mama yake alishachoka kumbembeleza. Wakiwa wanaosha vyombo, akauliza ghafla:

"Mama, sumu ya panya ukiitia kwenye kahawa, mtu ataisikia ladha yake?"

"Unataka kumpa nani?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Mke wa baba yako anakutesa?"

"Aa, wapi," binti alisema, akageuza uso, akawa anasugua sufuria iliyokwisha takata.

Mama anamjua mwanawe. Siku hiyo alifurahi mpaka akajionea aibu, na alipobaki peke yake akabadilisha shuka za kile kitanda.

Shule zikafungwa. Binti alikuja maktaba asubuhi, hana begi wala sanduku, kashika riwaya ya wiki iliyopita.

"Mama, usikasirike. Nitabaki kule."

"Kule kwa nani?" Mkutubi alisimama. "Si wewe uliyesema hata salamu humpi?"

"Ilikuwa mwanzoni. Nilikuwa sitoki chumbani kabisa. Mama mdogo akawa anakaa mlangoni kwangu ananisomea kwa sauti, mimi najifanya sisikii. Siku moja kitabu kikakatika penye utamu, ikabidi nitoke nimuulize nani kaua. Akasema hajui, njoo tutafute. Basi tangu siku hiyo kila jioni tunakaa jikoni tunatunga mwisho wetu." Binti alikiweka kitabu mezani. "Alitaka kuja kukuambia kwamba kuna mtu anachana vitabu vyako. Mimi ndiye niliyemkataza."

Mkutubi akausukuma mkoba wake chini ya meza. Binti akamshika mkono.

"Na huyo anayechana, mama, ukimkamata usimwadhibu. Mwambie nimesema asante."